Kuvika ukingo utepe: kishikio cha sufuria, aproni na mfarishi wa mtoto

Khanga ikitoka dukani huwa doti, vipande viwili vilivyoshikana. Unaikata katikati, unaipeleka kwa fundi, naye anakupindia zile ncha zilizobaki wazi ili nyuzi zisichomoke. Kikoi hakihitaji hata hilo. Nyuzi zake za mwisho husokotwa zikawa matamvua. Nguo hizi mbili ni nyembamba na kingo zake zimenyooka, ndiyo maana kupinda au kusokota kunatosha.

Shida huanza pale ukingo unapozunguka, kama kwapa la gauni au ubavu wa aproni, au unapokuwa mnene, kama mfarishi wenye matabaka matatu. Ukilazimisha kupinda kwapa, upindo unavimba na kujikunjakunja. Ukilazimisha kupinda mfarishi, unapata tuta gumu ambalo sindano inakataa kulipita. Kazi hizo zinataka utepe: kipande kirefu chembamba cha kitambaa kinachokumbatia ukingo, nusu mbele, nusu nyuma, ncha zote za nyuzi zikabaki zimefungiwa ndani.

Mafundi wengi wa mjini huuita bayasi, na wengine huuchanganya na paipini. Paipini hasa ni ule utepe wenye kamba ndani, unaotokeza katikati ya mshono kama kwenye mito ya makochi. Hapa nazungumzia utepe wa kufunika ukingo. Tutaanza na kitu kidogo cha jikoni, twende kwenye aproni, tumalizie na mfarishi. Fuata mpangilio huo hata kama haja yako ni mfarishi tu, maana kona nne za kishikio cha sufuria zitakufundisha kona nne za mfarishi kwa gharama ya vipande ambavyo ungevitupa.

Hanamu na mnyoofu

Chukua khanga iliyo karibu nawe. Ishike uivute kwa urefu: haiendi popote. Ivute kwa upana: inaachia kidogo sana. Sasa shika pembe mbili zinazotazamana, uvute. Inarefuka waziwazi, katikati panasinyaa, na ukiachia inarudi karibu na ilivyokuwa.

Kitambaa kilichofumwa kina mtande, zile nyuzi za urefu, na mshindio, zile zinazopita kwa upana. Ukivuta sambamba na nyuzi unauvuta uzi wenyewe, na uzi wa pamba hauna pa kwenda. Ukivuta kwa mshazari huvuti uzi. Unazigeuza zile nafasi ndogo za mraba kati ya nyuzi zichukue umbo la kashata. Kipande kilichokatwa kwa mshazari huo, pembe ya digrii 45, ndicho kilichokatwa hanamu. Kinakubali kuzunguka kwapa bila kujikunja, kwa sababu upande mmoja unaweza kurefuka na mwingine ukasinyaa.

Kwa hiyo kanuni ni hii: ukingo unaozunguka unataka utepe wa hanamu, wala hakuna njia ya mkato. Mimi niliwahi kuijaribu. Kitambaa kilikuwa kidogo, nikakata utepe wa kwapa kwa unyoofu ili kibaki cha mkanda. Pasi nilipiga, pini nikapanga, lakini utepe ulisimama wima kama ukuta kuzunguka kwapa zima, wala haukulala hata baada ya kufuliwa. Nilishika wembe nikafumua jioni nzima.

Ukingo ulionyooka unaweza kuvikwa utepe wa kukata wima, yaani sambamba na nyuzi. Wapo wanaosema mfarishi lazima uvikwe hanamu, na hoja yao ina uzito: utepe wa wima una nyuzi zilezile zinazotembea juu ya mkunjo mwanzo hadi mwisho, zikichakaa ukingo unafunguka kwa urefu, wa hanamu una nyuzi nyingi zinazoukata mkunjo, kila moja ikibeba sehemu ndogo. Hata hivyo, kwa mfarishi wenye kona nne na kingo nyoofu, mimi naona utepe wa wima uliokunjwa mara mbili unatosha, na unaokoa kitambaa kingi.

Kitambaa, na vitu vya kuwa navyo

Kitenge cha pamba ndicho rafiki wa kazi hii. Si kizito, kinashika mkunjo wa pasi, na mabaki yake yako kwenye gunia la kila fundi. Ukiomba kwa adabu hupewa. Ila siku hizi vitenge vingi vinavyouzwa ni vya poliesta vyenye sura ya pamba. Chomoa nyuzi chache uziwashe kwa kiberiti, mbali na kitambaa. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na jivu lake ni laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Kwa kishikio cha sufuria jambo hili si la mapambo: poliesta ikiguswa na chuma cha moto huyeyukia mkononi.

Fua kitambaa kabla ya kukata. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani unaokifanya kiwe kigumu, na kinapoingia kwenye maji ya kwanza hupungua. Ukivika aproni iliyokwisha kufuliwa kwa utepe ambao haujafuliwa, siku ya dobi ya kwanza utepe unajivuta na ukingo mzima unakunjamana. Rangi nyekundu na buluu iliyokolea loweka peke yake, utazame kama maji yanabadilika.

Vingine vya kuwa navyo ni mkasi mkali usiokatia karatasi, futi, rula ndefu au ubao ulionyooka, chaki ya fundi, pini, uzi wa pamba au wa poliesta unaofanana na utepe, na pasi. Sindano ya cherehani iwe namba 14. Kwa matabaka manene panda hadi 16. Ukitumia pasi ya mkaa, ifute tumbo kila mara kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu jivu linaloshuka kwenye matundu huacha doa ambalo utepe mweupe hausamehe. Cherehani ya mkono, ya miguu au ya umeme, yote ni sawa hapa. Mimi hata leo naiona ya mkono kuwa bora kwa kona, kwani unaweza kuisimamisha kwenye tundu lilelile unalolitaka.

Kazi ya kwanza: kishikio cha sufuria

Kata miraba miwili ya kitenge, inchi 8½ kila upande, na miraba miwili kama hiyo ya taulo kuukuu la pamba. Panga: kitenge uso chini, taulo, taulo, kitenge uso juu. Piga bandi pembeni, ile mishono mikubwa ya kushikilia kwa muda, kisha shona mistari inayokatana kwa mshazari, kuanzia katikati kwenda nje, ukiachanisha kama inchi 1½. Ukianzia pembeni, matabaka yanasukumana na kitu kinakuwa kibiongo. Ukimaliza, nyoosha kingo kwa rula na mkasi hadi ubaki na mraba wa inchi 8.

Sasa utepe. Kitenge kikitolewa kingo za kiwandani hubaki na upana wa kama inchi 43. Kata kipande kimoja chenye urefu sawa na upana huo, na chenyewe kiwe na upana wa inchi 2½. Mzunguko wa kishikio ni inchi 32, kwa hiyo kipande hicho kinatosha bila kuunga: kata inchi 5 ziwe kitanzi cha kuning'inizia, zinabaki 38.

1. Kunja utepe kwa urefu, mgongo kwa mgongo, ncha zilingane, upige pasi. Una utepe wa inchi 1¼ wenye mkunjo upande mmoja na ncha wazi upande wa pili. Kile cha kitanzi kikunje tena mara mbili ndani, ukishone, kisha ukibandike kwenye kona moja ya nyuma, ncha zake zikilingana na ukingo.

2. Fungua mwanzo wa utepe, ukate ncha yake kwa mshazari, uikunje ndani nusu inchi, upige pasi, kisha uufunge tena. Hapo umetengeneza mfuko mdogo utakaoficha mwisho wa utepe.

3. Weka utepe upande wa mbele wa kishikio, katikati ya ubavu mmoja, kamwe si kwenye kona. Ncha wazi zilale juu ya ukingo, mkunjo utazame ndani. Anza kushona inchi 2 mbele ya mwanzo, ili ule mfuko ubaki wazi. Mshono uwe robo inchi kutoka ukingoni. Ukizidi kidogo si neno, ilimradi usibadilike njiani.

4. Ukikaribia kona, simama robo inchi kabla ya mwisho. Pima kwa chaki uweke nukta, usikisie. Rudisha stichi mbili, inua mguu wa cherehani, toa kazi, ukate uzi.

Hapa sogea karibu na taa, kwa sababu kona yote imo katika mikunjo miwili. Igeuze kazi ili ubavu unaofuata uwe mbele yako. Ule utepe uliobaki uinue juu, uondoke kabisa kwenye kishikio, mpaka ncha zake wazi zifanye mstari mmoja na ubavu mpya. Ukitazama kwenye kona utaona mkunjo wa mshazari umejitokeza wenyewe. Ubane kwa kidole gumba. Bila kuachia kidole, ushushe utepe ulale juu ya ubavu mpya, mkunjo mpya wa juu ukiwa sawasawa na ukingo uliotoka kuushona. Si chini yake, si juu yake: sawasawa. Piga pini. Chini yake kutakuwa na kipembe cha kitambaa kinachochezacheza. Hicho ndicho kitakachokuwa kona nzuri ukigeuza. Anza kushona juu kabisa, tangu kwenye mkunjo.

5. Rudia kona zote nne. Ukirudi ulikoanza, kata mwisho wa utepe uingie inchi moja ndani ya mfuko, uutie, ulainishe kwa kidole, umalizie mshono.

6. Geuza utepe upande wa nyuma. Mkunjo wake utapita juu kidogo ya mstari wa mshono. Kwenye kona, lalisha upande mmoja kwanza, kisha wa pili juu yake, na ule mshazari utatokea mbele na nyuma. Piga bandi, kisha shona kwa cherehani kutoka mbele, ndani kabisa ya kijifereji ambapo utepe unakutana na kishikio. Mshono huo unazama usionekane mbele, na nyuma unaudaka utepe.

Kona ya kwanza itakuwa na shavu. Ya nne itakuwa imetulia. Shona kishikio cha pili kabla hujashika kitu kingine, kwani jikoni panahitajika viwili.

Kukata hanamu na kuuvika ubavu wa aproni

Aproni ya kifuani ina nyonga mbili, ile mikato ya makwapa, zinazoingia ndani chini ya mikono, na hapo ndipo hanamu inapopata kazi yake. Kwanza ufanye uamuzi ambao wengi wanausahau: utepe unaofunika ukingo hauhitaji nafasi ya mshono. Ukingo wa aproni utabaki palepale ulipo, utavikwa tu. Kama kigezo chako kina nusu inchi ya kupinda pande hizo, ikate uitupe. Usipofanya hivyo kwapa linakuwa dogo na shingo inabana.

Kabla ya yote, shona mstari mmoja kuzunguka nyonga, kama nusu ya robo inchi kutoka ukingoni, juu ya kitambaa kimoja tu. Nyonga yenyewe imekatwa kwa mshazari, nayo itavutika mikononi mwako ikiwa haijazuiwa.

Kupata hanamu ya kweli, chukua mraba wa kitenge wa inchi 18, uliokatwa ukifuata nyuzi. Ukunje kwa kona, ukingo wa mtande ulale juu ya ukingo wa mshindio. Mkunjo unaojitokeza ndio hanamu. Gusa kwa pasi, bila kuisukuma. Fungua, ukate juu ya mstari huo, kisha kuanzia hapo chora mistari sambamba kila baada ya inchi 2 kwa rula na chaki. Kata kwa mkasi mrefu, kitambaa kikiwa kimelala mezani. Ukikiinua hewani kitajivuta kwa uzito wake na utepe utatoka nene hapa, nyembamba pale.

Utapata urefu gani? Zidisha pande za mraba ugawe kwa upana wa utepe: 18 mara 18 ni 324, gawa kwa 2 unapata inchi 162. Toa zinazoliwa na maungio, unabaki na kama yadi 4. Hesabu hii inanifaa kila siku, kwani inanionyesha kama kibaki nilichonacho kinatosha kabla sijakitia mkasi.

Vipande vitakuwa na ncha za mshazari. Kuunga viwili, viweke uso kwa uso vikifanya umbo la L, ncha za mshazari zikilingana. Sogeza kimoja kidogo hadi kila upande utokeze sikio dogo la robo inchi. Shona kutoka bonde moja hadi bonde la pili. Ukishona bila kuacha masikio, ukifungua utaona tepe zimepishana kama ngazi. Fungua mshono kwa pasi, ukate masikio. Mwungano wa mshazari unagawa unene wake, hivyo utepe ukikunjwa hauwi na fundo mahali pamoja.

Kisha pasi, nayo inataka subira kuliko cherehani. Kunja utepe katikati kwa urefu, bonyeza, fungua. Leta ncha moja mpaka kwenye mstari wa katikati, iache nywele moja tu isifike, bonyeza. Leta ya pili vivyo hivyo. Kunja tena katikati. Una utepe wa nusu inchi wenye matabaka manne. Pasi iwekwe na kuinuliwa, isiburutwe. Ukiburuta juu ya hanamu unaurefusha utepe, nao utarudi baadaye ukiwa umekwisha kuushona. Sasa uzungushe utepe uliofungwa kwa umbo la nyonga juu ya meza, upande wa mkunjo uliofungwa ukiwa ndani, uubonyeze tena kwa pasi. Utabaki umejipinda kama mundu, na kazi itakuwa imeshafanyika nusu.

Kushona: fungua mkunjo mmoja wa utepe, uweke uso wa utepe kwenye mgongo wa aproni, ncha kwa ncha, ushone ndani ya mstari wa mkunjo wa kwanza. Kitenge cha nta kina rangi pande zote mbili, hivyo weka alama ya chaki kwenye mgongo usije ukapotea. Kwenye nyonga inayoingia ndani uvute utepe kidogo unaposhona. Kidogo, kama unavyomshika mtoto mkono barabarani. Mahali panapobenuka nje fanya kinyume, usivute hata chembe, uulegeze, maana mkunjo wake utakuwa na safari ndefu zaidi kuzunguka. Kisha geuza mbele, mkunjo ufunike mshono wa kwanza, ushone kwa nje, milimita 2 kutoka kwenye mkunjo.

Utaona nimeanza nyuma na kumalizia mbele, kinyume cha kishikio. Kwa vitu vya kufuliwa kila siku napendelea hivi. Mshono wa mwisho unauona kwa macho yako unapoushona, hakuna sehemu itakayoponyoka nyuma bila wewe kujua, na aproni haioni haya kuonyesha mshono.

Utepe unaweza kuendelea kupita nyonga ukawa kamba ya shingo juu na kamba za kiuno chini, wote mmoja bila kukatika. Ni nzuri kwa macho, lakini kamba za hanamu hurefuka kwa kuvutwa kila siku. Mimi nauunga mwisho wa nyonga na kamba iliyokatwa wima, nikaficha mwungano ndani ya mkunjo.

Mfarishi wa mtoto

Tuseme mfarishi wako una inchi 36 kwa 44, matabaka yameshashonewa pamoja na kingo zimenyooshwa. Mzunguko ni inchi 160. Ongeza 12 za kufungia, unapata 172. Vipande vinne vya inchi 43 vinafika 172 kamili, na hapo ndipo watu wanapokwama: kila mwungano wa mshazari unakula kama inchi 2½, na vipande vinne vina maungio matatu. Utapungukiwa inchi 7 na nusu ukiwa kwenye ubavu wa mwisho. Kata vitano. Vinahitaji inchi 12½ za kitenge, kwa hiyo nusu yadi inatosha na kubaki.

Vipande hivi vina ncha za mraba. Kuviunga, viweke uso kwa uso, kimoja kimelala, kingine kimesimama, vipishane kwenye kona. Chora mstari kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini, ukikata kona kwa mshazari, ushone juu yake. Fungua kwanza utazame kama utepe umenyooka. Ndipo ukate ziada, ubakize robo inchi.

Kona ni zilezile za kishikio. Kilichobadilika ni kufunga. Kabla ya kuanza acha mkia wa inchi 8, na ukirudi simama inchi 12 kabla ya ulipoanzia. Lalisha mikia miwili juu ya pengo, mmoja juu ya mwingine, uikate ipishane kwa inchi 2½ kamili, yaani upana uleule wa utepe kabla ya kukunjwa. Ifungue, iweke uso kwa uso ikifanya pembe mraba, pini, ushone mshazari. Mfarishi utakuwa umejikunja katikati na utaona kama umekosea. Hujakosea. Jaribu kuunyoosha kabla ya kukata ziada: kama utepe umelala sawa juu ya pengo, kata, kunja, malizia.

Upande wa nyuma naushona kwa mkono, hasa wa mtoto mchanga. Kaa na mfarishi mapajani, ukingo ukiwa kwako. Fundo la uzi lifiche chini ya utepe. Toboa mkunjo wa utepe ukichukua nyuzi mbili tatu tu, shusha sindano kwenye kitambaa cha nyuma palepale ilipotokea, ipite ndani ya matabaka kwa robo inchi bila kutokeza mbele, itokee tena kwenye mkunjo. Vuta hadi uzi uzame, usivute hadi kitambaa kisinyae. Ukivaa kastabini kwenye kidole cha kati, ubavu mmoja utaumaliza bila kujichoma. Kwenye kona shona na ule mshazari pia, mbele na nyuma, usiache mdomo wazi. Vidole vya watoto huingia humo.

Kuna wanaofika mwisho wa mfarishi bila utepe kabisa. Wasiddi wa Karnataka huko India, jamii yenye asili ya Afrika, wana mfarishi unaoitwa kawandi. Wanawake wake huanza kushona ukingoni, wakikunja ncha ndani kadiri wanavyokwenda, wakazunguka kuelekea katikati kwa mishono ya mkono, viraka juu ya viraka. Kwenye pembe nne huweka vikunjo vya pembetatu vinavyoitwa phula. Ukingo kwao unakuwa umekwisha kabla ya kati. Ukichoka na tepe, hiyo ni njia ya kujifunza.

Kazi ikikataa

Ukingo wa mfarishi ukifanya mawimbi, uliuvuta mfarishi ulipokuwa ukishona, au matabaka hayakuwa yameshikwa vizuri. Pima ubavu dhidi ya katikati ya mfarishi. Vikitofautiana, fumua ubavu huo tu, ukate utepe kwa kipimo cha katikati, uupachike pini kutoka kati kwenda pembeni. Ukingo ukijikunja kuelekea mbele, utepe ndio uliovutwa. Hanamu ikijisokota kama kamba, basi mshono wa mwisho umekwenda mbele ya mshono wa kwanza: tabaka la juu limesukumwa na mguu wa cherehani. Punguza mkandamizo wa mguu kama cherehani yako inaruhusu, au piga bandi ndogondogo kabla. Pini pekee haziutulizi utepe wa hanamu.

Kona yenye shavu kubwa ilitokana na kusimama mapema mno kabla ya ukingo. Kona iliyobana hata haigeuki, mshono ulipita ile nukta ya robo inchi. Zote mbili zinafumuliwa kwa inchi 2 tu kila upande, si ubavu mzima.

Sindano ikipiga kelele au kuruka stichi kwenye maungio, usiilazimishe kwa gurudumu. Badilisha sindano, kwani iliyopinda kidogo haionekani kwa macho, na ushone polepole kwa mkono mpaka upite unene.

Utepe unaobaki usiutupe kwenye gunia. Utajikunja upoteze pasi yote. Uviringishe kwenye kipande cha boksi, ubane mwisho kwa pini, uandike upana wake na kama ni wa wima au wa hanamu. Miezi sita baadaye, ukiutazama kwa macho tu, hutaweza kuvitofautisha.